Siku Sita na Baba hadi Mwitongo, Butiama

Ninaandika simulizi hii wiki mbili baada ya kurudi nyumbani Kimara, nikiwa na picha zilizojaa kwenye simu na daftari dogo la Baba mezani. Baba ana desturi ya kuandika kila shilingi anayoitumia, na kando ya hesabu huongeza maneno machache kuhusu siku yenyewe. Pale ambapo kumbukumbu zangu na daftari vimetofautiana, nimelifuata daftari.

Baba alifundisha shule za msingi kwa miaka 42. Aliingia kazini mwaka 1976, kijana wa darasa la saba kutoka kijiji kimoja cha Nachingwea, akiwa mmoja wa wale walioitwa walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana Musoma na kuazimia kwamba kufikia mwaka 1977 elimu ya msingi iwe ya watoto wote, na kwa kuwa walimu waliokuwepo wasingetosha hata kidogo, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakawa wanafundisha sehemu ya siku na kujifunza ualimu katika muda uliobaki. Baba husema ugali wake wote umetoka Musoma, mji ambao hakuwahi kuukanyaga. Alipokuja Dar es Salaam kutibiwa macho na daktari akamruhusu, nilimwuliza angependa kupelekwa wapi kabla ya kurudi kusini. Nilidhani atasema baharini. Alisema, "Mwanangu, nataka nikamwamkie Mwalimu."

Siku ya kwanza: Magomeni

Tuliona si vyema kwenda Butiama, kijijini alikozikwa Mwalimu Nyerere, bila kupita Magomeni, hapa Dar es Salaam, kwenye nyumba aliyoishi wakati wa harakati za uhuru, ambayo leo imehifadhiwa kama makumbusho. Machi 1955 aliambiwa achague kati ya siasa na kazi ya kufundisha katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, naye akaacha kazi. Kwa msomaji wa leo hilo ni jambo la mstari mmoja kitabuni. Baba alisimama mlangoni akaligeuza kuwa hesabu: mtu ana shahada ya Edinburgh aliyoipata mwaka 1952, ana mke aliyemwoa Januari 1953, ana watoto wadogo, na mshahara umekatika.

Nyumba ni ya kawaida, na ukiitazama kutoka barabarani unaweza kuipita bila kujua. Ndani nilimwona Baba akipima upana wa mlango kwa mikono yake miwili, kisha akapima wa chumba kinachofuata. Nilipomwuliza sababu, alisema anataka kukumbuka vipimo ili akifika Butiama alinganishe.

Ushauri wangu kwa watakaofuata ni kuanza safari hapa. Magomeni inaonyesha mtu akiianza kazi, Butiama inaonyesha alikorudi baada ya kuimaliza, na mtu aliyeona upande mmoja tu amesikia nusu ya habari. Saa moja na nusu inatosha, na asubuhi kuna utulivu zaidi.

Siku ya pili: Dar es Salaam hadi Dodoma

Tulipanda treni ya SGR ya asubuhi kwa shilingi 31,000 kila mmoja, daraja la kawaida. Fika kituoni saa moja na zaidi kabla ya muda, kwa sababu mizigo hukaguliwa na milango hufungwa mapema, na uwe na kitambulisho ulichokatia tiketi. Baba aliketi dirishani na hakuzungumza mpaka tulipoipita Morogoro. Daftari linasema: "Saa nne kasoro, Dar hadi Dodoma. Mwaka 1981 nilitumia siku mbili." Tulilala katika nyumba ya wageni karibu na stendi, chumba cha vitanda viwili kwa shilingi 40,000.

Siku ya tatu: Dodoma hadi Mwanza

Basi liliondoka saa kumi na mbili asubuhi, nauli shilingi 40,000, na siku nzima ilikwenda barabarani: Manyoni, Singida, mteremko wa Sekenke, Igunga, Nzega, Shinyanga, na hatimaye miamba ya Mwanza wakati jua linazama. La kukumbuka ni Singida tu, ambako dada mmoja muuza kuku alipomwona Baba akihesabu sarafu polepole kwa sababu ya macho yake, alizihesabu kwa sauti mbele yake moja baada ya nyingine, akamrudishia shilingi 500 aliyokuwa amezidisha. Daftari halikumsahau.

Siku ya nne: Mwanza hadi Musoma

Mabasi yanayotoka kusini hushusha abiria Nyegezi, lakini ya kwenda Mara huondokea stendi ya Nyamhongolo, upande wa pili wa jiji, kwa hiyo tenga muda na nauli ya kuvuka mji asubuhi. Sisi hatukujua, tukapoteza karibu saa mbili. Nauli hadi Musoma ilikuwa shilingi 15,000.

Barabara ni ya lami na safari ni ya kilomita zipatazo 220, lakini tuliimaliza kwa saa saba. Kati ya Magu na Lamadi tairi la nyuma lilipasuka kwa kishindo, na utingo alipolitoa tairi la akiba ikaonekana nalo halina upepo. Abiria walishuka, wengine wakaanza kulalamika, na jua lilikuwa limeshakaza. Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa mbele ya nyumba yake alimwona Baba ameegemea ubavu wa basi, akaingia ndani na kutoka na kigoda, akakiweka chini ya mwembe, kisha akamletea maji ya kunywa katika kikombe cha bati. "Kaa hapa mzee, hilo basi haliwezi kukuacha, nitamshika dereva mwenyewe." Tulikaa kwake saa moja na dakika arobaini. Alituuliza tunakwenda wapi, na Baba alipomjibu, alisema yeye amekaa barabarani hapo tangu azaliwe, na Oktoba 1999 magari ya waombolezaji yalipita mbele ya nyumba yake mfululizo hata kuku wakaacha kuvuka. Tulipotaka kumpa chochote alikataa. Alikubali tu Baba anunue sado moja ya dagaa, na hata hiyo aliijaza mpaka ikamwagika.

Baada ya Lamadi barabara hupita ukingoni mwa Serengeti, na kwa dakika chache tuliona pundamilia wakilisha mbali na barabara. Kisha Bunda, Kiabakari, Makutano. Hapa kuna jambo la kuzingatia: anayetoka Mwanza na hataki kulala Musoma anaweza kushuka Makutano au Kiabakari na kutafuta usafiri wa Butiama kutoka hapo, akaokoa mwendo wa kwenda mjini na kurudi. Sisi tulikuwa na shauri jingine na Musoma, kwa hiyo tuliendelea.

Mji umekaa kwenye rasi, ziwa likiwa karibu kila pande unayogeukia. Chumba chetu kilikuwa shilingi 35,000 kwa usiku. Jioni tulitembea hadi Mwigobero, tukala sato wa kuchoma kwa ugali wa muhogo, huku mitumbwi ikirudi na upepo wa ziwa ukipeperusha moshi wa majiko. Baba aliula ugali ule kwa makini sana. Niliposoma daftari usiku nilikuta: "Musoma. Sato mmoja, ugali mara mbili, 16,000. Nimefika."

Siku ya tano: Butiama

Haisi za Butiama huondoka zikijaa, si kwa saa. Tulikaa ndani ya gari tukisubiri kwa zaidi ya saa nzima. Nauli ilikuwa shilingi 4,000. Kijana aliyekuwa ameketi mbele karibu na dereva alishuka bila kuombwa, akamwambia Baba, "Shikamoo mzee, njoo ukae huku uone njia," akahamia kiti cha nyuma kabisa ambacho magoti hayana pa kwenda.

Kutoka Makutano barabara huacha njia kuu na kuelekea mashariki, nchi ikipanda taratibu, na mawe makubwa ya matale yanaanza kuonekana, mengine yamepandana kama yaliyopangwa na mtu. Baba alimwuliza dereva ni mwendo gani kutoka Butiama hadi Musoma, akajibiwa ni zaidi ya kilomita 40. Basi akanigeukia: mwaka 1934, Kambarage akiwa na miaka 12, alipelekwa Mwisenge kuanza shule, na umbali ulikuwa huu huu, bila lami na bila haisi. Alisema jambo hilo alilifundisha kwa miaka mingi akiwa na ramani ukutani, lakini ramani ilimficha vilima.

Mwitongo ni mahali pa makazi ya ukoo, juu kidogo ya mji, na bodaboda hufika kwa muda mfupi. Getini tulipokewa na binti mwongozaji ambaye kwanza alimwamkia Baba, akamtafutia kiti, ndipo akaanza kueleza utaratibu. Kiingilio cha Mtanzania ni cha chini kuliko cha mgeni kutoka nje. Viwango hubadilika, kwa hiyo ni vizuri kuuliza kabla, na uwe na salio kwenye simu. Wengi hupita hapa wakiwa njiani kwenda Serengeti na kujipa saa moja. Saa moja ni dhuluma kwa mahali hapa. Sisi tulikaa tangu saa tano hadi karibu saa kumi.

Makumbusho yalianzishwa mwaka 1999, mwaka huo huo Mwalimu aliofariki. Maelezo yanaanzia kwa wazazi. Baba yake, Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, alikuwa na wake 22, na mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa wa tano. Mtoto alizaliwa 13 Aprili 1922, mvua ikinyesha, akapewa jina la Kambarage, mzimu wa mvua katika imani za wenyeji; Julius ni jina la ubatizo, alilolipata mwaka 1943. Mwongozaji alitusimulia pia kisa cha bao: inasemekana chifu wa Ikizu, ambaye alizoea kucheza bao na kijana huyo na kushindwa naye, ndiye aliyemshauri Chifu Burito asimwache mtoto mwenye akili kama ile bila shule. Baba alicheka kwa furaha. "Kwa hiyo bao ndilo lililotupa Mwalimu," alisema, naye mwongozaji akamjibu, "Ndiyo mzee, na kwa mtoto mchunga mbuzi."

Kuna vitu vingi vya kutazama: picha, mavazi, zawadi alizopewa na mikoa na mataifa, vinyago vya mpingo vilivyochongwa kwa uvumilivu usioelezeka. Ile picha ya kuchanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964, ambayo kila Mtanzania ameiona vitabuni, hukutazama kwa namna nyingine ukiwa umesimama kijijini kwa mtu mwenyewe. Lakini Baba alipita zawadi za wakuu wa nchi upesi upesi, akaenda kuinama mbele ya maandishi ya mkono. Alivua miwani, akaisogeza karibu na kioo kama lenzi, akasoma herufi moja moja. Alitaka kujua mkono wa mwalimu mwenzake ulivyokuwa. "Hukatizi 't' yako hovyo ukiwa umezoea kuandika ubaoni," alisema, "kwa sababu mtoto wa nyuma kabisa lazima aione." Nilitazama, na kweli herufi zilikuwa wazi na hazikubanana. Mtu huyu aliyezifasiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili, moja mwaka 1963 na nyingine mwaka 1969, wakati huo huo akiongoza nchi, hakuwahi kulikataa jina la kazi yake ya kwanza. Wapo marais walioitwa majemadari. Wetu tulimwita Mwalimu, na nadhani ndiyo maana Baba alisafiri kilomita zote zile bila kulalamika hata mara moja.

Kisha tukaenda makaburini.

Mwalimu alifariki London 14 Oktoba 1999, na baada ya wananchi kumuaga Dar es Salaam alizikwa hapa 23 Oktoba. Mtu aliyeondoka Ikulu kwa hiari Novemba 1985 angeweza kupata uwanja wowote wa jiji kwa ajili ya kaburi lake. Amelala nyumbani, na karibu naye wapo baba yake na mama yake, kila mmoja katika kaburi lake. Nilikuwa nimesoma habari hiyo mara nyingi, lakini kuona makaburi matatu ya familia moja karibu karibu kulinifanya nielewe kwamba sikuwa nimefika kwenye mnara wa taifa. Nilikuwa nimefika kwenye boma la watu, na watu hao bado wanaishi pale. Kuna nguo zimeanikwa, kuna sauti ya mtu akiita mtoto, kuna kuku. Kwa hiyo watakaokwenda wakumbuke kuuliza kabla ya kupiga picha nje ya sehemu za makumbusho, na wasipaze sauti.

Baba alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo. Alisimama hivyo kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeingia ofisi ya mwalimu mkuu asubuhi, "Shikamoo, Mwalimu." Baada ya hapo hakusema neno. Mwongozaji alirudi nyuma hatua kadhaa na kutuacha. Kwenye jiwe kubwa lililokuwa karibu mjusi mwenye kichwa chekundu alikuwa akiinua na kushusha kifua juani, na upepo ulileta harufu ya majani makavu kutoka upande wa Muhunda, msitu ambao Wazanaki wanauheshimu kama mahali patakatifu. Baba alivaa kofia, akageuka, akapima kwa macho nyumba iliyo mbele yake.

"Milango," aliniambia. "Tumesahau kupima milango."

Tulirudi tukapima, kwa mikono, pale tuliporuhusiwa. Vipimo hivyo viko kwenye daftari, vya Magomeni upande wa kushoto na vya Butiama upande wa kulia. Sitaviandika hapa, kwa kuwa ni vya Baba.

Kabla ya kuondoka tulisaini kitabu cha wageni. Kwenye safu ya kazi, mimi niliandika mhasibu. Baba alifikiri kidogo, akaandika: "Mwalimu, UPE, 1976." Mwongozaji alipolisoma alimwuliza UPE ni nini, na kwa dakika ishirini zilizofuata kazi ya kuongoza wageni ilibadilika mikono, binti yule alisikiliza akiwa amesimama, akauliza walilala wapi, walilipwa kiasi gani, na kama watoto waliwaheshimu walimu walio karibu rika lao. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo ilikuwa sehemu bora ya siku.

Tulikula sokoni Butiama kwa mama lishe, ugali wa mtama na nyama ya mbuzi, shilingi 4,000 kwa sahani. Alipoona Baba amemaliza mchuzi akamwongezea bila kuulizwa, na alipotajiwa malipo ya nyongeza alionekana kuchukizwa. Haisi ya mwisho kurudi Musoma tuliipata saa kumi na moja. Usichelewe zaidi ya hapo, kwa maana jioni abiria hupungua na utalazimika kukodi.

Siku ya sita: Mwisenge, kisha nyumbani

Basi letu la Dar es Salaam lilikuwa la saa nane mchana, la kusafiri usiku kucha, shilingi 75,000 kwa kiti. Kwa wanaopanga bajeti: usafiri na malazi kwa watu wawili, kwenda na kurudi, tulitumia shilingi 488,000. Chakula, bodaboda, usafiri wa ndani ya miji na viingilio ni nje ya hesabu hiyo. Ukilala Butiama utapunguza nauli za haisi, ingawa nyumba za wageni si nyingi kama Musoma.

Asubuhi tulikwenda Shule ya Msingi Mwisenge. Hapa ndipo Kambarage alipoanza mwaka 1934, na kutoka hapa alikwenda Tabora mwaka 1937. Hatukuwa na miadi, na nilimwambia Baba tutazame kwa nje tu tuondoke, kwani ni siku ya masomo na hatukupaswa kuwasumbua watu. Mwalimu mmoja aliyekuwa akivuka uwanja alitukaribia, akamwamkia Baba, akauliza shida yetu. Baba alijieleza kwa sentensi mbili. Mwalimu yule alimshika mkono akasema, "Basi mzee usiishie nje, njoo uwasalimie watoto wangu dakika tano."

Wanafunzi walisimama wote kwa pamoja na kumwamkia, naye akaitikia marahaba na kuwaketisha. Aliomba chaki. Aliitazama, akaivunja katikati, akarudisha nusu mezani, akaandika tarehe ya siku ile juu kulia mwa ubao, herufi kubwa, zimenyooka, macho yake yakiwa karibu kabisa na ubao. Chini ya tarehe akaandika "Nachingwea" na "Musoma," akachora mstari mrefu kati yake, akawauliza nani anaweza kuja kuandika mji mmoja ambao mtu atapita akitoka huku kwenda kule. Mikono ilinyanyuka. Mtoto wa dawati la nyuma kabisa ndiye aliyechaguliwa, akaja, akachukua ile nusu nyingine ya chaki, akaandika "Dodoma."